Ulimi Niliozaliwa Nao

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi wa Kaunta anastaafu! Si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa karakana nzima, maana ndiye aliyekuwa akipokea wateja tangu enzi za kuvalisha makochi kwa nyundo na misumari mdomoni. Magoti yamemshinda. Katikati ya mwezi anakwenda kulea wajukuu, na kaunta itabaki tupu.

Kaunta. Chumba cha mbele. Feni darini. Kiti kinachozunguka. Sisi mafundi tuko huku nyuma ya pazia, vumbi la sponji puani, gundi kwenye kucha, na kikohozi changu ambacho wenzangu wamekizoea hadi hawakisikii tena. Kule mbele kazi ni kuongea tu. Mteja anaeleza kochi linamtesaje, wewe unamwitikia, unaita fundi. Na nani anaongea kunizidi mimi? Kiswahili nilikinyonya kifuani mwa mama. Sikukisoma wala hakikunisumbua. Kilikuja chenyewe, pamoja na meno.

Bosi, mama asiyepoteza neno, katangaza kwamba atachagua mmoja wetu baada ya kutupima. Nikawapitia wapinzani. Fundi Mzee hasikii sikio moja, na lile lingine analitumia akipenda. Seremala hapendi watu. Anabaki yule mgeni aliyekuja mwaka jana, kutoka nchi ambayo kila nikiitaja jina ananisahihisha. Mikono yake ina baraka, kona zake za kochi hazina mkunjo. Lakini mdomo sasa! Anatafuta neno, analipata, anasimama juu yake, anatafuta lingine. Na ukimwambia kitu chochote anauliza kwa nini. Mimi ndiye niliyempa jina: Bwana Kwanini. Limemganda.

Mchana nikampigia Mama simu, nikamwambia kaunta nimepewa. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo. Mama akapiga kigelegele hadi simu ikakwaruza. Akasema lazima aje kuniona kwa macho yake, maana tangu nianze kazi hii hajawahi kuniona msafi. Dada yangu, ninayeishi kwake, alipopata habari akasema kuku hajataga na mimi nishabandika kikaango. Dada ana wivu.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Bosi kaingia nyuma asubuhi, akamkuta Kwanini anamweleza Fundi Mzee habari za springi zilizolegea. Kiswahili chenyewe kilikuwa kinachechemea, lakini kilifika. Bosi akatikisa kichwa, akasema huyu anakuja vizuri. Anakuja wapi? Kwenye kiti changu kinachozunguka?

Nikawaza sana, nimeinamia ndoo ya gundi. Wazo likanishukia. Mimi sijui hata kanuni moja ya sarufi, na maneno yanatiririka. Shuleni, siku mwalimu alipoanza kutufundisha ngeli, darasa zima liliacha kunyoosha mikono. Kwa hiyo sarufi ndiyo inayoua maneno. Ukitaka mtu anyamaze, mpe kanuni!

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana kitabu cha sarufi kizito, anakitumia kuzuia mlango usijifunge. Nikakiazima. Nikamkabidhi Kwanini kwa uso wa huruma, nikamwambia kuanzia leo mimi ni mwalimu wake, na kwamba mtu mwenye adabu haongei ovyo kabla hajajua kanuni. Akakipokea kwa mikono miwili, macho yamemlowa. Akasema tangu afike hapa hakuna mtu aliyempa kitu. Nikasikia kama kuna kinachonichoma kifuani. Nadhani ni vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitegemea apaliwe. Hakupaliwa. Kitabu kile anakitafuna kama mkate na chai.

Mbaya zaidi ni alichofanya na vitambaa. Kwenye kikapu cha mabaki kachukua vipande vya kila rangi, na leo asubuhi tumekuta karakana nzima imevishwa. Kiti kina kitambaa cha buluu, kisu cha buluu, kikombe cha Seremala cha buluu. Meza imepigwa nyekundu, na feni ya nyuma ile mbovu nayo nyekundu. Msumari, mlango, mkasi, kijani tupu. Kila ngeli rangi yake. Akigusa kitu anaangalia rangi, ndipo anasema. Na akisema, anasema sawa!

Halafu kazi ya ualimu ikageuka. Kaniuliza kwa nini tunasema "nakula", lakini tukikataa tunasema "sili", hatusemi "sikuli". Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akauliza kwa nini ndivyo ilivyo. Nikamwambia "sikuli" inasikika vibaya. Akauliza inasikika vibaya wapi, sikioni au kichwani. Nikaenda chooni.

Niliporudi alikuwa ameshalipata jibu kwenye kitabu. Akanieleza kwa upole kabisa. Kitenzi hiki ni kifupi mno, kimebaki na silabi moja, kwa hiyo kinatembea na fimbo. Hiyo "ku" ndiyo fimbo yake. Safari nyingine kinaiacha nyumbani. Fundi Mzee akasema ameishi miaka yote hii hakujua kama anakula kwa fimbo. Wote wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu hawezi kupitwa na mwanafunzi. Nimeanza kukisoma kitabu kwa siri, Kwanini anapokwenda kunawa mikono. Nimesoma ngeli zote. Sikujua ziko nyingi hivi. Sikujua nazitumia zote! Ni sawa na kuambiwa kwamba unapotembea unapanga mifupa mia mguuni.

Adhuhuri nilitaka nyundo. Nikamwambia Seremala nipe nyundo, halafu nikakwama. Yangu? Langu? Nikatafuta kitambaa kwenye mpini. Kilikuwa kimedondoka. Seremala akaningoja, akachoka, akanirushia nyundo na kusema kama nina homa niende nyumbani.

Ni uchovu tu. Itapita. La muhimu ni kwamba njia ya kanuni imeshindwa kumzuia, kwa hiyo nageuza njia. Kama kitabu kinamjenga, nitamnyang'anya kitabu. Nitamfundisha kama tunavyojifunza sisi wenyewe wenye lugha: kama mtoto. Mtoto anachukua miaka mpaka aongee vizuri. Bosi anapima wiki ijayo!

Jumapili, 9 Machi

Nimemleta Kwanini nyumbani kwa Dada. Nikamweleza mbinu yangu mpya mlangoni: leo hakuna kitabu, hakuna rangi, hakuna kuuliza kwa nini. Mwalimu wako ni huyu hapa. Nikamwonyesha Kipusa, binti wa Dada, mtu wa miaka mitatu, amekaa sakafuni na ndoo kichwani.

Kwanini akakaa sakafuni naye. Kipusa akamtazama kwa muda mrefu, akamvalisha ndoo. Urafiki ukaanza hapohapo.

Dada akaleta ndizi. Kipusa akasema, "Sikuli." Dada akambusu shavuni, akamwambia sema "sili", mama. Kipusa akasema, "Eeh, sikuli." Akabusiwa tena. Baadaye kidogo Dada akamkaribisha Kwanini ndizi, naye, ama kwa kusahau au kwa kuogopa pasipo kitabu, akasema, "Asante dada, sikuli ndizi." Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Dada akanigeukia. Akasema kosa ni lilelile, mdomo ndio tofauti. Mmoja kakosea amepigwa busu, mwingine kakosea anachekwa na mtu mzima mwenye ndevu. Akauliza mimi ningejifunza nini duniani kama kila nikifungua kinywa watu wanashika ukuta. Nikamwambia asiingilie masuala ya kitaalamu.

Lakini nikamwona Kwanini ametulia, anamwangalia yule mtoto. Akaniambia, taratibu, "Mimi nikiambiwa mara moja, nakumbuka. Yeye anaambiwa mara kumi, hajali. Lakini yeye haogopi." Akarudia, haogopi hata kidogo. Halafu akamgeukia Kipusa, wakaongea saa nzima juu ya paka wa jirani aliyekunywa chai, kila mmoja na makosa yake, hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Kipusa alipozidiwa na usingizi, alilala huku anaongea.

Nimefurahi. Hakujifunza kitu leo. Kapoteza siku nzima.

Jumatano, 12 Machi

Sielewi. Kwanini haangalii tena vitambaa. Anaongea! Anakosea anacheka, anaendelea. Amemsimulia Fundi Mzee habari ya paka, amemchekesha Seremala, jambo ambalo hatujaliona tangu tuhamie jengo hili. Akipata neno jipya analitupa kwanza, kisha anaangalia limeangukia wapi. Akirekebishwa anasema ahsante, halirudii tena kosa hilo. Mtoto hana kumbukumbu hiyo, na sisi wakubwa hatuna ujasiri huo. Yeye ana vyote viwili. Amevitoa wapi?

Kwa upande wangu mambo si mazuri. Nimekirudisha kitabu kwa mwalimu mstaafu, lakini kitabu hakikuniachia. Kila nikitaka kusema jambo, nasikia mtu kichwani anauliza ngeli. Asubuhi nimemwambia Shangazi wa Kaunta "shikamoo" na nikasimama nikiwaza kama ni kitenzi au ni nini. Akaitikia marahaba mara mbili, akidhani sikusikia.

Mama kapiga simu. Anakuja Alhamisi ijayo. Ameshonesha gauni. Ameshawaambia majirani zake wote kwamba mwanawe anakaa chini ya feni. Nikamwambia vizuri sana Mama, nikashindwa kumalizia. Lazima kaunta iwe yangu kabla ya Alhamisi. Hakuna njia nyingine.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kupimwa kwangu. Bosi alisema kila mmoja atakaa kaunta nusu siku, yeye atasikiliza nyuma ya pazia. Nilivaa shati jeupe. Nilinyoa. Nikakaa kwenye kiti, nikakizungusha mara moja tu, kwa heshima.

Akaingia mama mmoja mnene mwenye mkoba wa kijani, na kiti cha mezani mkononi. Akasalimia. Nikaitikia, hilo likapita. Akasema kiti kimelegea. Nikafungua kinywa kumwambia kwamba tatizo ni sponji. Na hapo ndipo nilipopotea. Sponji lako? Sponji yako? Maisha yangu yote nimesema zote mbili bila kuulizwa na mtu. Nikasema sponji. Nikanyamaza. Nikasema sponji tena. Jasho likaanza kunitoka chini ya feni, jambo ambalo nilidhani haliwezekani.

Yule mama akanitazama. Uso wake ukalainika. Akaanza kuongea nami polepole, kwa sauti kubwa, huku akionyesha kwa kidole: "Hiki. Ni. Kiti." Nikaitikia. "Mimi. Nataka. Kirekebishwe." Nikasema nimeelewa. Akatabasamu kwa furaha, akanipiga begani na kuniambia najitahidi sana, nisikate tamaa, lugha ni ngumu mwanzoni. Akaniuliza nimefika hapa lini na kwetu ni wapi.

Nyuma ya pazia nikasikia kitu kinaanguka. Nadhani ni Seremala.

Jumamosi, 15 Machi

Leo zamu ya Kwanini. Nilijibanza nyuma ya pazia na wenzangu, nikiomba Mungu amfunge ulimi. Mungu hakuwa na nafasi.

Kaingia mama anayetaka kochi lake la watu watatu liwekwe sponji ngumu. Ngumu kabisa, ngumu kama saruji. Mimi ningeandika sponji ngumu, basi. Kwanini akauliza kwa nini. Mama akasema ndivyo anavyotaka. Kwanini akasema sawa, lakini wewe umekuja mwenyewe na kochi laini, zuri, kwa nini unalionea? Kakosea neno moja au mawili hapo. Mama akamsahihisha, na alipomsahihisha akacheka, na alipocheka akafunguka. Kumbe ana shemeji. Shemeji akija kusalimia haondoki. Anakaa hapo kwenye kochi kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa ziwashwe. Anataka kochi limchokoe aende kwake.

Kwanini akafikiri. Akamwambia, kwa upole, kwamba sponji ngumu itamuumiza na yeye mwenyewe na watoto wake. Akashauri kochi libaki laini, ila upande ule wa shemeji tuweke springi moja iliyoinuka kidogo. Nyuma ya pazia Bosi alijiziba mdomo na kanga. Yule mama akacheka mpaka akakaa. Kabla hajatoka akaagiza na viti vya mezani.

Bosi akatoka, akasema kaunta ni ya Kwanini. Nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba yule bado anakosea na mimi nimezaliwa na hii lugha. Akasema kazi ya kaunta si kuongea. Akasema ni kumfanya mteja aongee.

Mimi ndiye niliyempa kitabu. Mimi ndiye niliyempa mtoto. Mchimba kisima kaingia mwenyewe, tena na ndoo.

Jumatano, 19 Machi

Mama anafika kesho. Sijalala vizuri wala kula. Nikifikiria lile gauni jipya natamani ardhi ipasuke.

Nimefanya nisilolitaka. Nimekwenda kwa Kwanini, nikamwomba kesho mchana anipishe kaunta kwa muda mfupi. Akauliza, bila shaka, kwa nini. Nikamwambia mama yangu ana moyo dhaifu na daktari kamkataza kushtuka. Mama yangu anapanda mlima na gunia. Kwanini akasema sawa mwalimu. Hakuuliza tena. Ni mara ya kwanza tangu nimjue kuuliza mara moja tu, na hilo lilinisumbua kuliko angeuliza mara mia.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika usiku, nyumba nzima imelala.

Mama kaingia na Dada na Kipusa, gauni la njano, uso umeng'aa. Nilikuwa kaunta, shati jeupe, feni inazunguka. Mama akasimama mlangoni, akashika kifua. Dada akaangalia dari. Kwa muda huo, sikujali kitu kingine chochote duniani. Nilikuwa mtu niliyemwambia Mama kwamba ndiye mimi.

Halafu mlango ukafunguka tena. Yule mama mnene wa mkoba wa kijani! Amekuja kuchukua kiti chake. Aliponiona akafurahi sana. Akaniuliza, polepole na kwa sauti kubwa, kama naendelea vizuri na masomo. Nikasema naendelea. Akamgeukia Mama yangu, akamwambia kwa kumpasha habari kwamba huyu kijana ni mgeni, ila ana bidii, wiki iliyopita alikuwa hawezi kabisa na leo amejibu neno zima. Akamwuliza Mama kama anajua ametoka nchi gani.

Mama akasema, "Ametoka tumboni mwangu."

Mama akanikabili, akaniuliza ulimi wangu umepatwa na nini. Nilitaka kumweleza, na maneno yakasimama mdomoni, kila moja linasubiri lenzake litangulie. Ndipo pazia likafunguka akatoka Kwanini. Akainama, akamwamkia Mama shikamoo, akampokea mkoba. Akasema, bila kusita na bila kunitazama, "Mama, huyu ni mwalimu wangu. Lugha hii yeye ndiye aliyenipa. Alinipa kitabu, halafu akanipa mtoto."

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, mwalimu? Kwanini akasema ndiyo. Akasema ametoka mbali, na mwaka mzima watu walimpa kazi na walimpa mshahara, ila aliyempa maneno ni mmoja.

Mama akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikadhani atauliza habari za kaunta. Badala yake akaanza kucheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka. Akamwambia Kwanini kwamba na yeye alikuwa hivyohivyo. Alipoolewa na baba yangu aliletwa kwenye nyumba ya Kiswahili, naye hakujua neno lolote la lugha hiyo zaidi ya salamu. Mama mkwe alimtuma ungo akaleta mchi. Mawifi walimcheka miaka. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa anaokota maneno jikoni moja moja, na usiku anayarudia kimoyomoyo asije akayapoteza.

Nikamwambia Mama haiwezekani, Kiswahili nimekinyonya kwako. Akasema, "Ulichonyonya ni maziwa, mwanangu. Kiswahili tulikuwa tunajifunza pamoja. Ulipofika umri wa huyu Kipusa ukanipita, ukaanza kunisahihisha."

Nilikuwa namsikia akiongea na mama wadogo lugha ile nyingine, ya kwao. Siku zote nilidhani ni ya kusengenyea tu.

Nililia. Naandika hivyo hivyo: nililia, mbele ya mteja. Kisha nikamwambia Mama kwamba kaunta si yangu, ni ya huyu. Akasema hilo alilijua tangu alipoingia, maana nilikuwa nimekaa kwenye kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Akanishika mkono wenye gundi kwenye kucha, hakuuachia mpaka chai ikaja.

Yule mama wa mkoba wa kijani naye alilia. Alimpa Mama leso. Kisha akaniambia, polepole na kwa sauti kubwa, "Pole. Sana."

Jumapili, 23 Machi

Mambo mazuri! Bosi anaajiri mafundi wawili wapya, watu wa kwao Kwanini. Kamwuliza Kwanini nani atawafundisha lugha, naye akanitaja mimi bila kupumua. Nitafundisha kila siku wakati wa chakula cha mchana. Katika chumba cha mbele. Chini ya feni. Mama kawapigia majirani zake wote tena, kuwarekebishia habari, na nasikia kigelegele cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

Ulimi wangu nao umefunguka. Ilitokea Ijumaa, nilipojigonga kidole gumba kwa nyundo. Yaliyonitoka yalikuwa marefu, yalikuwa na upatanisho, na wala sikuyafikiria. Seremala alipiga makofi.

Sasa nimekaa na Mama barazani, Kipusa amemlalia mapajani, na nimemwomba anifundishe lugha yake. Alishangaa. Akasema hakuna aliyewahi kumwomba hilo, hata baba. Kaniambia neno la kwanza, nikalisema. Akacheka. Akaangalia mikono yake, akasema rudia. Nikarudia. Kwa mara ya kwanza namwona Mama ananisikiliza kama mtu aliyefika kwao.

Hadi sasa nina maneno manne, moja Mama anasema halipo. Dada kanishauri niende taratibu, nikae na Mama, nikosee nikubali kukosolewa, nimtazame Kwanini alivyofanya. Dada haelewi. Kwanini ilibidi ajifunze kwa sababu ni mgeni. Mimi upande wa Mama ni mzawa. Kitu cha damu hakisomwi, kinakumbushwa tu. Kwa hesabu zangu Ijumaa nitakuwa nimeimaliza, Jumamosi nitaanza kuandika kitabu chake cha sarufi, kizito, na Jumatatu nitakwenda kwa Bosi kumwuliza inakuwaje mtu aliyezaliwa na lugha mbili hajapewa kaunta.